Mwizi Aliyeacha Asali

Inspekta Syombua alitumwa Tseikuru kutazama mzinga. Mkubwa wake pale Kitui alilisema neno hilo kwa Kiswahili, kisha akalirudia kwa Kiingereza ili asije akalichukulia vingine: bunduki kubwa ya vita, ile ya kutungulia ndege. Imeonekana huko kaskazini mwa wilaya, na mwenye nayo, mzee mmoja aitwaye Nzomo, yuko ndani ya selo. Ofisi moja ya Nairobi, ofisi isiyokuwa na kibao mlangoni, ingetuma gari limchukue alasiri. Kazi ya Syombua ilikuwa kufika mapema, kuandika maelezo ya mzee, na kutogusa kitu.

Mwaka huo wa sabini na nane, mtu akishachukuliwa na gari la namna hiyo, mkewe alianza kuulizwa na majirani kama shamba litauzwa. Nchi mbili jirani za kaskazini zilikuwa zinapigana, na nyuma ya kila moja alisimama mkubwa wa dunia akimpimia nguvu mwenzake. Ndege zilikuwa zinapita juu ya Tseikuru, za kasi, bila taa, zinatetemesha sufuria jikoni. Redio ilisema hakuna ndege iliyopita. Basi watu walizisikia na wakanyamaza, kama mtu anayesikia ugomvi wa mume na mke nyumba ya pili.

Nje ya kituo aliketi mama mmoja na kiondo cha muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, amekifunika kwa leso. Huyo alikuwa Nthenya, mke wa mzee. Hakuinuka wala hakusalimu. Aliitazama kofia ya Syombua, kisha akatazama barabara.

Koplo Kang'ethe, msimamizi wa kituo, alimkaribisha Inspekta kwa saluti na kiti kilichokuwa na mguu mbovu. Alikuwa mtu wa Nyeri. Kikamba chake alikiokota sokoni, kwa hiyo angeweza kununua mbuzi lakini asingeweza kumfariji mfiwa.

Syombua alimwambia aeleze yale mzee aliyosema jana, si yale yeye Koplo aliyoandika. Kang'ethe akasema mzee alikuja mwenyewe, anahema, amekasirika sana. Alisema mambo mengi juu ya ndege, na juu ya mwatu.

"Mwatu," Syombua alisema.

"Ndiyo, afande. Mzinga. Mwatu uliotoka kwa ndege."

"Na kwenye redio koli ukasemaje?"

"Nilisema mzinga uliotoka kwa ndege. Nilitumia Kiswahili sanifu, afande, ili Kitui wasinicheke."

Syombua alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliizoea. Jambo likimkalia vibaya, alilifanya kitendawili.

"Koplo, kwata ndai."

Kang'ethe alitabasamu kidogo, maana hata kwao hutega karibu hivyohivyo. Akasema amekwata, atege.

"Kikiondoka Tseikuru kina asali. Kikifika Kitui kina risasi."

Tabasamu la Koplo lilikaa usoni kwa muda, halafu likaondoka lenyewe. Alitazama redio yake pale mezani kama mbwa aliyemfuga akamwuma mgeni.

"Mzinga," akasema polepole. "Mungu wangu. Mzee alisema mzinga wa nyuki."

Basi hilo likawa wazi mapema kuliko alivyotarajia, na Syombua hakupenda mambo ya wazi mapema. Aliuliza kama mzee alikuwa amekuja kujishtaki. Koplo akajibu hapana, alikuja kushtaki wizi. Mwatu wake ulikuwa umeibwa.

Syombua alishika redio mwenyewe. Aliwaeleza Kitui kwamba hakuna bunduki, kuna mzinga wa nyuki, neno moja limevaa kofia mbili. Mtu wa Kitui alicheka mpaka redio ikakoroma, akaahidi kuwaeleza Nairobi. Syombua hakuwa amemaliza chai aliyoletewa wakati jibu liliporudi. Mtu wa Kitui sasa hakucheka. Nairobi wameelewa, alisema. Gari linakuja vilevile.

"Walishangaa?" Syombua aliuliza.

Sauti ikasema hapana, hawakushangaa.

*

Mzee Nzomo alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo ya moto, ya mtu aliyeshika kimwenge cha moshi miaka mingi. Syombua alimsalimu kwa Kikamba, kama anavyosalimiwa mzee, akangoja aitikie. Alimwita tata, yaani baba, naye akamwuliza yeye ni binti wa nani. Aliposema ni wa Tawa, mzee akasema Tawa hawana nyuki, wana maneno.

Habari yake aliitoa kwa mpangilio. Kabla ya mvua ndefu kuanza, ndege ilipita chini sana jioni, ikaangusha kitu upande wa vichaka vinavyoelekea mto Tana. Yeye alikifuata asubuhi. Alikuta kitu kirefu cha bati jeupe jepesi, mviringo, ncha mbele na ncha nyuma, tumbo lake tupu. Kilikuwa na masikio mawili ya chuma mgongoni, kama kimetengenezwa cha kutundikwa.

"Kilinuka nini, tata?"

"Mafuta ya taa."

Syombua aliwahi kufanya kazi uwanja wa ndege wa Embakasi. Alijua ndege za kasi hunywa kitu kinachonuka kama mafuta ya taa, na kwamba zile za vita hubeba tangi la ziada chini ya bawa, zikishalinywa zinalitupa. Hakusema.

Mzee aliendelea. Alikata ncha moja kwa msumeno wa chuma, akakisugua ndani kwa majivu, akakifukiza, akakipaka nta. Alikwaruza maandishi yote nje, akakata alama ya ukoo wake. Akakitundika. Nyuki waliingia kabla hata hajashuka kwenye mti vizuri. Hapo mzee alisahau selo kidogo, akaeleza namna walivyoingia, na mikono yake ikaonyesha.

"Sasa ni nani aliyeiba?" Syombua aliuliza.

Mzee alisema kama angeulizwa yeye, angeanzia kwa Ndululu. Shamba la Ndululu limepakana na lake. Tangu vuli hawasemezani, kwa sababu asali ya Ndululu iliibwa, na Ndululu akawaambia watu kanisani kwamba mwizi hajatoka mbali. Hakutaja jina. Ila alipokuwa akisema, alikuwa amegeuka upande wa Nzomo.

*

Ndululu alikuwa mtu mfupi, mcheshi kwa wageni, mgumu kwa jirani. Alipoambiwa anashukiwa, alicheka, akasema yeye hawezi kuiba kitu cha mtu aliyemwibia. Huo ungekuwa ni kubadilishana. Aliulizwa jana na juzi alikuwa wapi. Alikuwa kwenye matanga ya shemeji yake, na mchungaji alithibitisha hilo kabla hajaulizwa.

Alikubali kuwaonyesha mti. Walipokaribia alisimama.

"Afande, usichukie. Mwanamke hasogelei mwatu. Nyuki watahama."

"Nyuki wapo?" Syombua aliuliza.

Ndululu alisikiliza. Koplo Kang'ethe naye alisikiliza. Palikuwa kimya kabisa, hata nzi hakulia.

Basi akapita mbele yao.

Ulikuwa mgunga mkubwa, peke yake mahali pa wazi. Kamba mbili za ngozi zilining'inia kwenye tawi, tupu. Syombua alizitazama kutoka chini. Mfuga nyuki hufungua fundo; kamba ya ngozi ni kazi ya siku nyingi, na hata mwizi huifungua na kuondoka nayo. Hizi zilikuwa zimekatwa, mkato mmoja, kisu kikali.

Chini ya mti nyuki walikuwa wamelala kama pumba zilizomwagwa. Aliinama akanusa. Ilikuwa dawa ya kupulizia, kali, ile ya mbu. Na hatua chache kutoka hapo yalikuwa masega, yamevunjika, yametupwa chungu nzima kwenye nyasi, asali imejaa ndani, siafu wameshaanza kazi.

Ndululu aliyatazama masega hayo kwa muda mrefu. Ucheshi wote ulimtoka.

"Huyu si mwizi," alisema. "Huyu hana akili."

"Ana akili sana," Syombua alisema. "Alikuja kuchukua sanduku. Vilivyokuwa ndani vilikuwa vinamsumbua."

Mtu wa Tseikuru angebeba asali akaacha bati. Mtu wa mbali kidogo, muuza vyuma chakavu tuseme, angebeba vyote viwili. Aliyeacha asali alitaka kitu kingine, na alijua hasa ni kipi.

Alizunguka mti mara ya pili, polepole. Palikuwa na alama za buti, na mbali kidogo, kwenye udongo mwekundu, magurudumu mapana yaliyogeuzia hapo. Kang'ethe aliapa si gari la kituo, maana gari la kituo halina betri tangu Krismasi. Syombua alichutama. Ndani ya alama za magurudumu, udongo ulikuwa na vishimo vidogovidogo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

Aliuliza mvua ilinyesha lini. Ndululu akasema manyunyu yalipita juzi jioni, kidogo tu, hata hayakulaza vumbi. Tangu hapo hakuna.

Juzi jioni. Na Nzomo alikuja kituoni jana.

Alibaki amechutama, akalipanga jambo hilo kichwani kwa mpangilio wake. Gari lilikuja kabla ya manyunyu. Mzee alishtaki baada ya manyunyu. Koplo alitaja mzinga redioni baada ya mzee kushtaki. Kwa hiyo gari halikuletwa na neno la Koplo. Wale wa Nairobi hawakudanganywa na mzinga hata dakika moja. Walikuwa wameshalichukua tangi lao na kujua lilikuwa na asali ndani. Kosa la Koplo waliliokota njiani tu, likawafaa. Mtu mwenye bunduki ya vita anaweza kuchukuliwa na hakuna atakayeuliza.

Na nani aliwaonyesha mahali pa kutafuta, katika vichaka vyote hivyo? Aliyeangusha. Mkubwa mmoja wa dunia alipita kwenye anga ya watu, akatupa kitu chake, kisha akaomba arudishiwe kimyakimya, na akarudishiwa. Kilichobaki ni mzee mmoja aliyekishika kwa mikono yake.

Alimtuma Koplo arudi kituoni na Ndululu. Yeye alipitia nyumbani kwa Nzomo.

Boma lilikuwa tupu. Kuku walikuwa wanakunywa maji kwenye chombo cheupe kilichochongoka, kimeegemezwa kwa mawe matatu. Ncha ile iliyokatwa. Kwenye ukingo wake msumeno ulikuwa umepita katikati ya maandishi, na herufi moja ilikuwa imebaki nzima: mstari umesimama, na kitumbo juu. P. Lakini mwalimu mmoja wa chuo cha polisi cha Kiganjo aliwahi kuwaambia kwamba Warusi nao wanayo herufi hiyohiyo, ila kwao inasomwa R. Basi hata herufi yenyewe ilikataa kusema ni ya nani.

Alimwaga maji. Alitazama huku na huku. Kisha akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaitumbukiza kwenye shimo la choo, akasikia ikigonga mara moja na kuzama.

*

Alipoingia selo safari hii, hakusimama. Aliketi sakafuni mbele ya mzee na akamweleza yote, kwa Kikamba, kwa sauti ya chini. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Aliuliza jambo moja tu, kama masega yalikuwa yameiva. Akaambiwa yalikuwa yamejaa. Akatikisa kichwa.

"Tata, hawakutaki wewe. Wanataka mdomo wako. Wanaogopa siku moja utasema kilichoanguka, na mtu wa gazeti atakuandika."

"Nitanyamaza."

"Hawawezi kuamini hivyo. Lakini mdomo ukiwa hauna thamani, hakuna anayesumbuka kuufunga." Alisogea karibu. "Nataka nikushtaki mimi. Leo, kabla hawajafika. Kwamba vuli ile uliiba asali ya Ndululu, na habari ya mwatu wa ndege uliitunga ili uonekane na wewe umeibiwa. Ndululu yuko mezani kwa Koplo, anaandikisha. Nitakupeleka korti ya Kitui kesho. Utafungwa kidogo. Utarudi."

Mzee alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Mimi sikuiba."

"Najua."

"Baba yangu alitundika myatu. Babu yangu pia. Unajua mwizi wa asali anafanywaje hapa? Zamani aliuawa. Siku hizi anaachwa. Hata akisema jua limechomoza, watu hutoka nje kuhakikisha."

"Ndiyo sababu nimelichagua hilo, tata."

"Unataka niitwe mwizi wa asali."

"Nataka uitwe. Wale wanaochukuliwa na lile gari hawaitwi tena."

Mzee Nzomo aligeuza uso wake ukutani. Nje, kwa mbali, kilisikika kishindo cha gari kwenye mawe ya mto mkavu. Gari likapanda ukingo, likabadilisha gia. Hapo mzee akanyoosha mikono yake yote miwili, akaiweka pamoja, tayari kwa pingu.

*

Bwana Kinuthia alikuwa mwanamume mpole wa suti ya kijivu, na viatu vyake havikushika vumbi kama vya watu wengine. Magurudumu ya gari lake yalikuwa mapana. Alimpa Syombua mkono, akamwita Madamu, akasema pole kwa safari. Alikuwa amesikia kuna mzinga.

Syombua alimjibu kwamba ulikuwa mzinga wa nyuki, na hata huo haupo. Kilichopo ni mwizi wa asali, amekiri, ameshaingizwa kitabuni na mlalamishi ameandikisha. Kesho atasimama mbele ya hakimu.

Kinuthia alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akaomba amsikie mzee mwenyewe, kama haitakuwa taabu.

Mzee alitolewa nje na pingu. Watu walikuwa wameshakusanyika, maana habari ya gari geni haisubiri mtu. Ndululu alikuwepo mbele, amekunja mikono. Nthenya alikuwa palepale na kiondo chake.

"Mzee," Kinuthia alisema kwa Kiswahili cha taratibu, "ni nini kilichoanguka kutoka juu?"

Nzomo aliangalia viatu vya mtu huyo.

"Sijui mambo ya juu. Mwizi huangalia chini, asikanyage kijiti."

"Kwa hiyo wewe ni mwizi."

"Niliiba asali ya Ndululu." Alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kikamba, kwa sauti, bila kuulizwa, ili watu wote wasikie.

Hakuna aliyepiga kelele. Ndululu alisema tu, kwa utulivu, kwamba alikuwa anajua siku zote. Watu walio karibu na Nzomo walisogea nyuma kidogo kidogo, kama maji yanapopungua. Nthenya aliinuka, akajitwika kiondo na chakula chake ndani, akapita katikati yao kuelekea nyumbani. Mzee alimfuata kwa macho. Midomo yake ilifunguka. Syombua aliukaza mnyororo wa pingu, naye akaufunga mdomo.

Kinuthia aliyaona hayo yote. Alisimama na mkono mmoja juu ya mlango wa gari lake uliokuwa wazi, hajaamua.

Ndipo sauti ikaja.

Kwanza ilikuwa kama kitambaa kinachopasuka mbali sana. Kisha ikawa juu yao, chini kuliko siku zote, mabati ya kituo yakatetemeka, mbuzi wakakimbia, na watu wote wa Tseikuru wakainua nyuso zao mbinguni.

Nzomo hakuinua. Aliendelea kutazama udongo mbele ya miguu yake, shingo imekaza, jasho linamtoka kidevuni.

Sauti ikapita ikaelekea kaskazini. Vumbi la paa likashuka taratibu juu ya mabega ya watu.

"Mpeleke kwa hakimu wako," Kinuthia alisema.

Syombua alikuwa bado ametazama juu, ule mkia mwembamba wa moshi unavyonyooka kuelekea mpakani, akijaribu kuona kama kuna tangi chini ya bawa. Aliposhusha macho, Kinuthia alikuwa ameshakaa garini na kioo amekiteremsha. Hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa anamtazama yeye, na ilionekana alikuwa akimtazama hivyo tangu ndege ilipoanza kusikika.

"Jina lako kamili ni nani, Madamu?" aliuliza.